Kiingilio Kinywaji Chako

Msonyo niliousonya Jumamosi usiku bado uko mdomoni. Nimeuleta hapa kijiweni, jamani, tuugawane na hii kahawa, maana peke yangu umenishinda.

Mnalijua lile bango la kitambaa lililofungwa kwenye nguzo ya umeme pale njia panda? Limeandikwa kwa rangi nyekundu: usiku wa burudani mchanganyiko. Ngoma za asili, sarakasi, mazingaombwe, vichekesho, taarabu. Vyote usiku mmoja, ukumbi mmoja. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za wasanii wote, wameandika: KIINGILIO KINYWAJI CHAKO. Maneno matatu tu. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilifurahi kama ninyi mnavyofurahi. Sasa nimerudi nikiwa nayajua vizuri zaidi, na ndiyo ninayoyasonya.

Ukumbi wenyewe ni ua wa nyuma ya baa, umezungushiwa ukuta wa matofali na kuezekwa bati nusu. Watu mia wakiingia, umejaa. Jukwaa ni la saruji, kimo cha goti. Ukikaa mstari wa mbele unaliona jasho la mpiga ngoma likidondokea ngozi ya ngoma. Hiyo ndiyo raha ya ukumbi mdogo. Hakuna skrini kubwa ya kumficha mtu wala moshi wa mitambo. Msanii akikosea unamwona, akipatia unamwona, na yeye anakuona wewe.

Tangazo lilisema saa mbili usiku. Ngoma ya kwanza imelia saa nne kasoro robo. Wakaingia vijana sita na majembe, wakatupigia bugobogobo ya Wasukuma: jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa kwa mpini bila mtu kulitazama. Akafuata mchekeshaji na kisa cha mpangaji na mama mwenye nyumba. Kisa kizuri, kimepangwa, kila jibu linazaa swali. Katikati ya kisa, fundi mitambo akaanza kujaribu spika za taarabu. Moja, mbili, moja, mbili. Mchekeshaji akasimama akisubiri kama mtu aliyezoea kusubiri, kisha akaruka hadi mwisho wa kisa na kushuka. Mwanamazingaombwe akatoa leso tano kwenye kofia mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa wamempa mgongo, maana ukutani, upande wa pili, palikuwa na runinga mbili kubwa na mpira wa Ulaya unachezwa.

Ndipo wakaja wa sarakasi, vijana wawili na binti mmoja. Wakaweka meza. Juu ya meza chupa nne. Juu ya chupa nne kiti, kila mguu wa kiti umekaa kwenye mdomo wa chupa. Juu ya kiti, kiti kingine, na kingine, na cha nne. Yule kijana mwembamba akapanda kimoja kimoja mpaka kichwa chake kikakaribia bati, akashika mgongo wa kiti cha juu kwa mikono miwili, akainua miguu. Akasimama kwa mikono. Halafu akauachia mkono mmoja.

Wakati huo huo kule ukutani likaingia goli. Ukumbi mzima ukaruka. "Goliii!" Meza zikasukumwa, mtu akajikwaa kwenye ukingo wa jukwaa, chupa zikatikisika. Mkono wa kijana ukateleza.

Alishuka kama paka, lakini hata paka ana mpaka wake. Aliangukia bega, kwenye saruji tupu. Akainuka, akanyoosha mikono, akainama kutoa heshima, akatabasamu. Tuliopiga makofi tulikuwa sita. Nilihesabu.

Msyuuu!

Niliposimulia hayo asubuhi ya leo, kila mtu hapa alisema lake. Fundi viatu wetu peke yake ndiye aliyenyamaza. Mnamfahamu Mzee, si mtu wa maneno mengi. Aliendelea kupitisha uzi kwenye soli, kisha akauliza swali moja: "Godoro lilikuwepo?"

"Halikuwepo, Mzee."

Akaweka sindano chini. "Sisi tulikuwa na magodoro," akasema.

Miaka yote tunakaa naye hapa, hatukujua. Goti lile linalomfanya akae kwenye kile kigoda kirefu peke yake aliliumiza jukwaani. Mzee alikuwa mwanasarakasi wa kikundi cha sanaa cha hapa Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 80, na aliyemfundisha alikuwa amefundishwa na mmoja wa vijana walioletewa elimu hiyo kutoka mbali. Mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana China wakajifunze sarakasi. Wakakaa miaka minne, wakarudi 1969, wakaanzisha kikundi cha taifa. Viti juu ya chupa, sahani zinazozungushwa juu ya fimbo, kuruka ndani ya pete: yote hayo yalishuka kwa mikono ya watu hao. Kwa hiyo kijana aliyeanguka Jumamosi, ingawa hajui, ni mjukuu wa wale. Ile ngazi ya viti imepita mikono mitatu, minne, ikafika kwetu uswahilini, na sisi tukaitikisa kwa sababu ya goli.

Mzee akaendelea, na mimi niwape alivyotupa. Vikundi vya taifa, cha ngoma, cha sarakasi na cha maigizo, vilivunjwa kuelekea miaka ya 80, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikafunguliwa Bagamoyo, hiki tunachokiita leo TaSUBa. Lakini mjini watu hawakukaa bila burudani. Vikaota vikundi: Muungano wa Norbert Chenga mwaka 1980, halafu Mandela, DDC Kibisa na vingine vingi, na mwaka 1992 ikaja TOT, Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba. Na vyote hivyo vilipeleka sanaa yao wapi? Kwenye baa! Ua kama ule ule, ukuta kama ule ule, bati kama lile lile. Ukikaa kwenye kiti chako unapewa ngoma mbili tatu za makabila, sarakasi, kichekesho, igizo refu lenye mafunzo, na mwisho taarabu. Wazungu wana jina lao kwa usiku wa namna hiyo. Sisi tuliuita onyesho, na mtu akisema anakwenda kwenye onyesho hakuulizwa onyesho la nini.

"Sasa tofauti iko wapi, Mzee?" akauliza yule kijana wetu wa bodaboda. "Baa ile ile, bia ile ile."

"Tofauti iko mlangoni, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoielewa hasira yangu. Sikilizeni hesabu yenyewe, ni nyepesi. Zamani makubaliano yalikuwa haya: mlango ni wa wasanii, kaunta ni ya mwenye baa. Wewe mtazamaji unalipa mara mbili, sehemu mbili. Pesa ya mlangoni inakwenda kwa kikundi: inalipa nauli, magodoro, ngozi za ngoma, vitenge, mishahara. Pesa ya bia na soda inakwenda kwa mwenye baa. Kila mmoja ana chake, na kila mmoja anajua amekipata kwa nani. Kikundi kikileta onyesho bovu, Jumapili ijayo mlango haulii, na njaa ni ya kikundi. Kikileta igizo jipya, watu wanapanga foleni. Ndiyo maana Muungano na TOT walishindana vile miaka ya 90. Huku mwimbaji wa taarabu Nasma Khamis, kule Khadija Kopa aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar, na mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Watu walivuka mji mzima kwenda kusikia nani kajibiwa nini. Ule ushindani uliwashwa na sanduku la mlangoni. Mwenye kiingilio ni mtazamaji, na mtazamaji alitaka kipya kila wiki.

Sasa waambie watu kiingilio ni kinywaji chao. Mlango umekufa. Pesa yote ipo kaunta, na kaunta ina bwana wake. Huyo bwana akitoa kidogo kwa wasanii anaita posho, na posho hailindwi na mkataba wala na mtazamaji. Jumamosi nilimuuliza yule binti wa sarakasi wamelipwa nini. Elfu kumi kumi, na sahani ya chipsi. Mwenzake ameshika bega, yeye ameshika sahani. Nilisonya nikiwa nimesimama mbele yake, nikaona haya, maana angeweza kudhani nimemsonya yeye.

Na ubaya haukuishia kwenye malipo. Mtu asiyelipia kitu hakitazami. Angekuwa amelipa mlangoni kwa ajili ya ngazi ya viti, asingempa mgongo aliye juu yake. Mwenye baa naye hana sababu ya kuzima runinga, kwa kuwa runinga inauza bia na sarakasi inauza bia, kwake yote ni chambo. Hapo sanaa imeshuka cheo. Imekuwa karanga zinazowekwa mezani ili mnywaji apate kiu.

Mama yetu wa mihogo alikuwa anakaanga huku anasikiliza. Akageuka na upawa mkononi. "Ninyi wanaume mnasema habari ya viti na chupa. Semeni na habari ya wasichana."

Shikamoo Mama, umesema. Jukwaa likishakuwa chambo, chambo rahisi kuliko vyote ni mwili wa binti. Sindimba ni ngoma ya Wamakonde, ina jando na unyago ndani yake, ina mavazi yake, ina mpangilio wa ngoma kubwa na ndogo, ina utani wa wanaume na wanawake ambao mwenyeji anausoma kama barua. Kwenye ukumbi wa kinywaji chako, sindimba inabaki kiuno. Mshereheshaji anaita kiuno, mnywaji anaita kiuno, mwenye baa anaona kiuno kinavyopeleka watu kaunta, na wiki ijayo nguo inapungua shibiri. Halafu sisi sisi tunakaa hapa Jumapili tunasema wacheza ngoma ni wahuni. Lo! Nani mhuni: binti aliyejifunza ngoma ya bibi yake miaka mitano, au aliyekifanya kiuno chake biashara kwa chupa ya bia?

Mama akatukumbusha jambo lingine, na hili nataka tulishike. Kutunza. Kwenye taarabu ya kweli, mwanamke anasikia ubeti umemgusa, anainuka kitini pole pole, anacheza mwendo wake kati ya meza, noti imeinuliwa kila mtu aione, anamfikia mwimbaji, anampa, anarudi kwa mwendo ule ule. Pale anakuwa amesema mambo matatu kwa mpigo: umeimba vizuri, maneno haya ni yangu, na aliyekaa meza ile ajue ameambiwa. Ukumbi mzima umesoma. Taarabu imeishi kwa macho na masikio ya namna hiyo tangu Siti binti Saad alipoiimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida pale Unguja. Jumamosi, mwanamama aliyeimba taarabu alikuwa na kinanda kimoja na sauti kama asali ya nyuki wadogo. Waliomtazama wengi walimtazama kupitia simu. Simu zimeinuliwa juu, noti hakuna. Mama anasema simu iliyoinuliwa haimtunzi mtu, na mimi sina la kuongeza.

Kijana wa bodaboda hakukubali kirahisi, na namheshimu kwa hilo. "Wazee wangu," akasema, "maisha yamekaza. Elfu tano mlangoni ni mafuta yangu ya asubuhi. Na burudani yote ninayo mfukoni, naweka bando naangalia vichekesho mpaka nalala. Runinga ndiyo iliyoua maonyesho, msimlaumu mwenye baa."

Mzee akamjibu, na lilikuwa jibu la mtu aliyelifikiria miaka mingi. Ni kweli runinga ilipoingia Bara mwaka 1994 ilitikisa vikundi. Waigizaji walihamia kwenye michezo ya runinga, kisha kwenye filamu. Lakini Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, miaka kama ishirini kabla ya Bara, na klabu za taarabu hazikufa. Ikhwani Safaa, iliyoanza 1905, imeiona gramafoni, imeiona redio, imeiona televisheni, sasa inaiona simu, na bado ipo. Kwa hiyo anayesema runinga inaua ukumbi aeleze kwanza Ikhwani Safaa imeponaje. Mzee anasema imepona kwa sababu pale taarabu ndiyo shughuli yenyewe, na watu wamekwenda kwa ajili yake.

Halafu mimi nikamuuliza kijana: "Dogo, jana mechi ya jioni uliiangalia wapi?"

"Kibanda umiza, braza. Kwa nini?"

"Ulilipa?"

Akanyamaza kidogo. "Nililipa."

Mnaona? Kibanda umiza, chumba cha mabati, benchi za mbao, joto kama la tanuri, na mtu analipa mlangoni kabla hajakaa. Hakuna anayemwambia mwenye kibanda kiingilio kiwe soda yake. Na ikifika penalti, nani anapiga kelele za mambo mengine? Hata mtoto anayelia anatolewa nje. Basi watu wetu wanajua kulipa, na wanajua kutazama kwa adabu. Tunaowalipia kwa moyo huo wako Manchester na Madrid, na hawatatuona milele. Anayeturukia hapa Temeke, futi tano kutoka usoni petu, tunamwambia atuburudishe kwa bia yetu.

Na dunia inajua thamani yao, hilo ndilo linaloniuma. Wanasarakasi wa Kitanzania wanaruka Ulaya kwenye sarakasi kubwa ambazo Mzungu ananunua tiketi miezi kabla, anavaa vizuri, anakaa kimya, na mwisho anasimama kupiga makofi. Hata hapa hapa mjini, nenda kwenye usiku wa muziki pale Alliance Française, utawaona Waswahili wenzetu wamekaa wametulia wanasikiliza. Adabu tunayo. Tunaivaa tukienda kwa wageni, na tukirudi kwetu tunaitundika msumarini.

Kwa hiyo nasema hivi, na nasema kwa mwenye ukumbi na kwa sisi wote. Rudisheni mlango. Usiwe wa elfu tano kama elfu tano inaumiza. Uwe wa elfu mbili, elfu moja, kama kibanda umiza. Sanduku liwe la wasanii, lifunguliwe mbele yao, wahesabu wenyewe. Runinga zizimwe jukwaa likiwa na mtu, hata kama kuna fainali. Saa mbili iwe saa mbili; ukimchelewesha mtazamaji wa kwanza kwa ajili ya mlevi wa mwisho, umemfundisha kwamba yeye si kitu. Spika zijaribiwe mchana. Na sisi tukae tutazame, tutunze, na binti akicheza tumtazame kama mtu anayefanya kazi yake.

Mnadhani ni jambo dogo, baa ya nyuma ya mtaa. Si dogo. Waimbaji na wachekeshaji ambao leo majina yao ni makubwa walipita kwenye kumbi za kimo hiki. Ni hapa mtu anajifunza kuinua sauti bila kipaza, kumshika mnywaji anayetaka kuondoka, kuanguka na kuinuka anatabasamu. Jukwaa kubwa halifundishi, linapokea waliokwisha kufundishwa. Tukiiacha shule hii ife kwa bei ya chupa moja, tusije kuuliza baadaye mbona wasanii wetu wote wanaimba kwa kufuatisha rekodi na hakuna anayeweza kusimama mbele ya watu mia na ngoma moja.

Mzee alikuwa amerudi kwenye kiatu chake. Alipomaliza kufunga fundo akasema, bila kuinua uso: "Mleteni hapa huyo kijana. Turubai ninalo. Mwenye duka la masofa pale ng'ambo atanipa mabaki ya sponji. Nitamshonea godoro, uzi mara mbili."

Kijana wa bodaboda akasema atalibeba mpaka ukumbini, hataki nauli. Mama akasema siku hiyo atafunga meko mapema, anataka kumtunza yule mwimbaji kwa mkono wake. Mimi nimeshasema nao. Jumamosi nitafika saa mbili kamili na elfu mbili mkononi, na nitauliza mlangoni: sanduku la wasanii liko wapi? Kinywaji changu nitakilipia kaunta.